Usitukane Wakunga: Mwandishi na Msomaji katika Vitabu vya Kwanza vya Ukunga Vilivyopigwa Chapa Ulaya

UTANGULIZI

Methali isemayo "Usitukane wakunga na uzazi ungalipo" ni miongoni mwa zile ambazo sisi walimu wa Kiswahili huzieleza kwa haraka na kupita. Humwambia mwanafunzi kwamba asimdharau mtu ambaye kesho huenda akamhitaji. Mwanafunzi huandika, na somo huendelea. Katika maelezo hayo mkunga mwenyewe hutoweka. Hubaki fumbo tu, kana kwamba hapajawahi kutokea mtu aliyemtukana mkunga kwa kweli, wala hapakuwa na haja ya kumkanya. Makala haya yanakusudia kuirejesha methali hiyo kwenye maana yake ya wazi, na kuifanya kipimo cha kuhakikia kundi moja la maandishi: vitabu vya mwongozo wa ukunga vilivyopigwa chapa huko Ulaya baina ya mwaka 1513 na mwaka 1690.

Huenda msomaji akauliza vitabu vya utabibu vinamhusu nini mhakiki wa lugha. Jibu letu ni kwamba kila kitabu cha mwongozo ni mazungumzo. Kina msemaji, kina msemezwa, na kina lugha iliyochaguliwa kwa sababu fulani na si kwa sababu nyingine. Katika vitabu tunavyovizungumzia, mazungumzo hayo yalikuwa ya namna ya pekee. Kwa muda wa karibu miaka 100 waandishi wake walikuwa wanaume, na wengi wao hawakuwa na desturi ya kuhudhuria uzazi wa kawaida. Nao waliwaandikia wanawake walioifanya kazi hiyo mchana na usiku, wakawafundisha kazi yao wenyewe.

Wanahistoria wamelieleza jambo hili kwa njia mbili. Wa kwanza walisema kwamba vitabu vilileta nuru mahali palipokuwa na giza la ujinga. Waliokuja baadaye wakajibu kwamba wanaume walipora maarifa ya wanawake. Kila kauli ina sehemu yake ya ukweli, lakini zote mbili humtazama mkunga kama mtu aliyetendewa tu: ama aliangaziwa, ama aliibiwa. Sisi tunapendekeza atazamwe kwanza kama msomaji, kisha kama mwandishi. Hoja yetu ni hii: maadamu mkunga alikuwa msomaji anayekaripiwa, vitabu vilirudia maneno ya kale, aliposhika kalamu mwenyewe, hata umbo la kitabu lilibadilika.

BUSTANI YA WARIDI

Mwaka 1513 huko Ujerumani kilichapishwa kitabu cha Eucharius Rösslin ambacho jina lake tunaweza kulifasiri kuwa "Bustani ya Waridi ya Wanawake Wajawazito na Wakunga". Kabla yake kulikuwa na maandishi machache mafupi juu ya uzazi, lakini hiki ndicho kilichoenea na kuzaa vingine. Rösslin alikuwa muuza dawa mjini Freiburg, kisha akawa tabibu wa mji, kwanza Frankfurt na baadaye Worms. Kitabu chake alikitunga kwa kuombwa na Katharina, mke wa mtawala wa Brunswick-Lüneburg.

Mtu akikifungua kitabu hiki hukutana na maonyo ya kishairi. Humo Rösslin anawalaumu wakunga kwamba kwa uzembe na ujinga wao wanaangamiza watoto wachanga, na kwamba watajibu mbele ya Mungu kwa roho hizo. Hilo ni shtaka zito mno kulitia mlangoni mwa kitabu. Tena wanaoshtakiwa ndio hao hao walioitwa waingie na kusoma. Ni mfano wa mwenye nyumba aliyemkaribisha mgeni kwa kumtukana mlangoni, kisha akastaajabu mgeni hali chakula.

Je, mshtaki alikuwa na hazina gani ya maarifa? Hatuna haja ya kubahatisha, maana vyanzo vyake vimefuatiliwa: Monica Green, katika makala aliyoyatoa mwaka 2009, alionyesha kwamba sehemu kubwa ya kitabu hicho imetokana na maandishi ya Kilatini. Miongoni mwayo ni ya Michele Savonarola, tabibu wa Italia wa karne ya 15, na ya Muscio, aliyeandika takriban karne ya 6. Muscio naye alikuwa akifuata kazi ya Soranus wa Efeso, tabibu Mgiriki wa karne ya 2. Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Muscio alieleza kwamba anatumia Kilatini chepesi ili wakunga wasiojua Kigiriki wapate kufahamu. Naye Soranus, katika kutaja sifa za mkunga bora, alitaka awe anajua kusoma. Kwa hiyo maarifa ambayo zamani yaliandikwa kwa kumheshimu mkunga yalirudi kwake, baada ya miaka 1,000 hivi, yakiwa fimbo.

Hata michoro ya kitabu ilirithiwa kwa njia hiyo hiyo. Mji wa mimba umechorwa mfano wa chupa iliyopinduliwa, na ndani yake yumo mtoto anayeonekana kama mtu mzima aliyepunguzwa kimo, akielea, mara kichwa chini, mara miguu chini, mara amekunjamana ubavu. Michoro hii ni ya hati za Muscio, iliyovalishwa sura mpya ya mbao za chapa. Mkunga aliyekwisha kupapasa matumbo ya wanawake mamia angejua kwamba mtoto hakai hivyo. Lakini hakuulizwa.

Hata hivyo, uhakiki wa haki hauna budi kumpa Rösslin sifa yake. Aliandika kwa Kijerumani. Katika zama ambazo tabibu aliyetaka heshima aliandika kwa Kilatini, yeye alilazimika kuyatafutia mambo haya maneno katika lugha ya sokoni na jikoni. Alieleza namna mtoto anavyoweza kutangulia, akaeleza na kuonyesha kwa mchoro kigoda cha kuzalia, akaandika mambo ambayo mwanamke wa kawaida angeweza kuyafahamu yakisomwa. Aliwatukana wakunga, lakini aliwatukana kwa lugha yao. Na mtu akitukanwa kwa lugha yake anaweza kujibu.

KUPANDA NA KUSHUKA KWA LUGHA

Safari ya kitabu hiki kutoka lugha hadi lugha ni somo kwa kila anayeshughulika na tafsiri. Mwaka 1532 kilitolewa Frankfurt kwa Kilatini, kikifasiriwa na mtoto wake Rösslin, aliyeitwa pia Eucharius. Kutoka Kilatini hicho, Richard Jonas alikifasiri kwa Kiingereza na kukitoa London mwaka 1540, akikitunukia kwa Malkia Catherine. Mwaka 1545 Thomas Raynalde alikitoa upya kikiwa kimepanuliwa, pamoja na michoro ya maumbile iliyochukuliwa katika kazi ya Vesalius ya mwaka 1543. Kwa sura hiyo, na kwa jina la *The Byrth of Mankynde*, kiliendelea kuchapishwa Uingereza hadi mwaka 1654.

Tunaona basi kwamba kitabu cha wakunga wa Kijerumani hakikuvuka moja kwa moja kwenda kwa wakunga wa Kiingereza. Kilipanda kwanza kwenye lugha ya wanazuoni, ambayo wakunga hawakuisoma, ndipo kikashuka upande wa pili. Kilatini kilikuwa ngazi, na kilikuwa pia pazia. Mambo ya maungo ya mwanamke yalipotajwa kwa Kilatini yalihesabiwa kuwa elimu. Yalipotajwa kwa lugha ya nyumbani yaliweza kuhesabiwa kuwa utovu wa adabu. Raynalde alilijua hilo. Katika dibaji yake anashughulika sana na hofu kwamba kitabu kitaangukia mikononi mwa wanaume wapuuzi wakakifanyia mzaha, na anakitetea kwa kusema kwamba kitu chema hakiachwi kwa sababu waovu wanaweza kukitumia vibaya.

Katika dibaji hiyo hiyo Raynalde anatuachia taswira ambayo, kwa maoni yetu, ina thamani kuliko michoro yote ya kitabu. Anasema kwamba wanawake wengi wa heshima huenda na kitabu hiki penye uzazi, na kuamuru sehemu inayohusika isomwe mbele ya mkunga na wanawake wengine waliohudhuria. Tukitafakari taswira hiyo tunaiona chumba kilichojaa wanawake, mmoja yumo katika uchungu, mmoja anasoma kwa sauti, na mkunga anasikiliza huku mikono yake ikiendelea na kazi. Hapo maandishi na mapokezi ya mdomo hayakutengana kama vitabu vyetu vya nadharia vinavyopenda kuyatenganisha. Neno lililochapishwa lilirudishwa kuwa sauti, likapimwa papo hapo na mtu aliyeijua kazi. Bila shaka lipo lililokubaliwa na lipo lililopuuzwa. Huo ulikuwa uhakiki wa kwanza wa vitabu hivi, ingawa hakuna aliyeuandika.

KUNGA NA MKUNGA

Kiswahili kinatusaidia kuliona jambo hili kwa uwazi zaidi, kwa kuwa katika lugha yetu neno *mkunga* linakaa jirani na *kunga*, yaani siri au mafunzo yasiyotolewa hadharani, na halina umbali na *kungwi*, mwenye kuwafunda wanawali. Mkunga katika fikra ya lugha si mwenye mikono tu. Ni mwenye siri aliyoaminiwa. Katika Ulaya pia mambo haya yaliitwa siri. Kitabu cha Kilatini juu ya "siri za wanawake", kilichosingiziwa Albertus Magnus, kilisomwa sana na wanaume kabla ya uvumbuzi wa chapa na baada yake. Tofauti ni hii: kwetu kunga ina mwenyewe, naye ndiye anayeamua ampe nani na lini. Katika kitabu kile siri ni za wanawake, lakini wanaopeana ni wanaume.

Mwandishi mmoja mwanamume aliyekiri mpaka wake alikuwa Nicholas Culpeper, aliyetoa *A Directory for Midwives* mwaka 1651. Miaka miwili kabla yake alikuwa amefasiri kwa Kiingereza kitabu rasmi cha dawa cha Chuo cha Matabibu cha London, jambo lililowakasirisha matabibu waliotaka elimu ibaki katika Kilatini. Culpeper anawaita wakunga kwa heshima, na anasema wazi kwamba hakuingilia kazi ya mikono yao asije akajiaibisha kama Phormio, yule mwanafalsafa ambaye hajapata kuona vita akathubutu kumhutubia Hannibal juu ya vita. Sisi tungesema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ungamo hilo ni dogo, lakini katika tapo hili ni adimu.

MKUNGA ASHIKA KALAMU

Mabadiliko yenyewe yalianza Ufaransa. Louise Bourgeois, mkunga wa Malkia Marie de Médicis, alichapisha kitabu chake cha kwanza cha *Observations* mjini Paris mwaka 1609, na sehemu nyingine mwaka 1617 na 1626. Jambo la kwanza linalomgusa msomaji ni nafsi. Rösslin husema kwa nafsi ya tatu: mkunga na afanye hivi, mwanamke na afanyiwe vile. Bourgeois husema *mimi*: nilimkuta, niliona, nilikosea, nilijifunza. Uzazi si kanuni tena. Ni kisa chenye mtu, mahali na mwisho.

Mfano ulio bora ni maelezo yake ya kuzaliwa kwa mrithi wa ufalme, Louis wa 13, mwaka 1601. Mtoto alitoka akiwa dhaifu. Bourgeois alimwambia mfalme kwamba kama angekuwa mtoto mwingine, yeye angetia mvinyo kinywani mwake na kumpa. Mfalme akamsogezea chupa mdomoni, akamwambia afanye kama ambavyo angemfanyia mtoto mwingine yeyote. Kisa ni kifupi, lakini kina dhamira nzito: mbele ya uhai unaoponyoka, desturi ya kazi inatangulia cheo. Hakuna kanuni ya Rösslin inayoweza kulifundisha hilo. Katika sehemu ya mwaka 1617 Bourgeois aliongeza mawaidha kwa binti yake. Msomaji wa fasihi yetu hawezi kuyasoma bila kumkumbuka Mwana Kupona na utendi wake wa mwaka 1858 kwa binti yake. Hatusemi kwamba pana athari yoyote baina ya Paris na Pate. Tunasema tu kwamba mama anapogeuka kuwa mwandishi, wasia ni umbo analolipata likiwa tayari nyumbani.

Uingereza ilimpata Jane Sharp, ambaye *The Midwives Book* yake ilitoka mwaka 1671 ikimtaja kuwa mwenye uzoefu wa zaidi ya miaka 30. Waraka wake wa mwanzo umeelekezwa kwa wakunga wa Uingereza, na neno la kwanza la kuwaita ni *dada zangu*. Linganisha na mlango wa Rösslin. Sharp naye analalamikia wakunga wasio na ujuzi. Hawafichi wala hawapambi. Lakini lawama ya dada si tusi la mpita njia. Anasema pia kwamba kazi haitendwi na maneno magumu, wala si lazima mtu ajue Kigiriki ndipo aifahamu. Hii ni kauli ya mwanaisimu kama ilivyo ya mkunga.

Wa tatu ni Justine Siegemund, mkunga wa jumba la utawala la Brandenburg, aliyetoa kitabu chake mwaka 1690. Akiwa kijana, wakunga walimdhania kuwa mjamzito, wakamtesa kwa uzazi ambao haukuwepo. Baada ya masaibu hayo alianza kusoma vitabu vya ukunga, na kutoka kusoma akaingia kazini. Kitabu chake amekiandika kwa umbo la mazungumzo baina ya wakunga wawili, Justina na mwanafunzi wake Christina. Christina huuliza, hutia shaka, hurudia swali. Justina hueleza mkono upite wapi na ushike nini, hasa mtoto anapolala kingamo na hana budi kugeuzwa. Michoro yake nayo imebadilika: sasa tunaona mikono ya mkunga ikiwa kazini ndani ya mchoro. Katika chupa ya Rösslin mtoto alielea peke yake; katika kitabu cha Siegemund mkunga yumo.

PINGAMIZI

Yafaa tuzikabili pingamizi mbili. Ya kwanza ni kwamba wanawake hawa hawakuandika kutoka kwenye mikono yao tu. Bourgeois alisoma kazi za Ambroise Paré, na Sharp alichukua kurasa nyingi kwa Culpeper na wengineo. Ni kweli. Lakini Sharp anapochukua hubadilisha, mara nyingi kwa kejeli, na palipokuwa na dharau kwa wanawake hupageuza. Kuazima si kukosa sauti; mshairi wetu naye huazima bahari na vina, na bado shairi ni lake.

Ya pili ni kubwa zaidi. Je, tunadai kwamba mwanamke anajua kwa sababu ni mwanamke? Methali nyingine husema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Siegemund anatuzuia tusiifuate mno, kwa maana yeye hakuzaa kamwe. Maarifa yake yalitoka katika kusoma, kutazama na kutenda. Kwa hiyo suala si jinsia peke yake. Suala ni kama mwandishi amewahi kuwapo, na kama anamhesabu msomaji wake kuwa mwenye akili.

Hatudai pia kwamba kalamu ilimlinda mkunga. Mwaka 1627 Marie de Bourbon, mke wa ndugu wa mfalme wa Ufaransa, alifariki siku chache baada ya kujifungua. Ripoti ya matabibu waliopasua maiti ilitaja kipande cha kondo la nyuma kilichosalia, na lawama ikamwelekea Bourgeois. Alijibu kwa chapa, akawaambia matabibu kwamba maneno yao yanaonyesha hawajui kondo wala mji wa mimba wa mwanamke, kabla ya kujifungua wala baada yake. Sifa yake iliharibika hata hivyo. Lakini kwa mara ya kwanza katika historia hii, aliyekaripiwa alikaripia, na maneno yake yamebaki.

HITIMISHO

Yatupasa kujiuliza mambo haya yanatufunza nini sisi ambao kazi yetu ni Kiswahili. *Desturi za Wasuaheli* ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, iliyotolewa na Carl Velten huko Göttingen mwaka 1903, inaanza na habari za mimba na uzazi. Si kitabu cha mwongozo, na mwandishi wake hamtukani mkunga. Hata hivyo mkunga humo anasimuliwa, hasimulii.

Hali hiyo haijabadilika sana katika kazi zetu za istilahi. Tunaketi ofisini na kamusi za Kiingereza na Kilatini, tukiyabunia maungo na hatua za uzazi maneno mapya, hali wakunga wanayo ya zamani: *uchungu*, *kondo la nyuma*, *mji wa mimba*, na *chupa*, yaani ule mfuko wa maji unaopasuka kabla ya mtoto. Tazama pia vitenzi. Mwanamke *hujifungua*: kitenzi cha kujirejea, kinachomfanya yeye kuwa mtenda. Mkunga *humzalisha*: kitenzi cha kusababisha, kinachomweka mkunga kando kama msaidizi, kwa kuwa anayezaa ni mwingine. Lakini katika taarifa nyingi za hospitali mwanamke *amezalishwa*, na kwa kiambishi kimoja cha kutendwa amegeuka kutoka mtenda kuwa mtendwa. Mambo ambayo Ulaya iliyajadili kwa vitabu, sarufi yetu ilikuwa imeyapambanua tayari. Nasi tunaweza kuyapoteza bila kujua.

Tunapendekeza basi kwamba kabla ya idara yoyote kutoa orodha ya istilahi za uzazi, wakunga waulizwe, na majina yao ya vitu yaandikwe kama wanavyoyatamka, pamoja na kunga wanazokubali kuzitoa, na zile wanazozizuia ziachwe kwao. Rösslin alikuwa na wakunga mjini mwake, akaenda kuuliza hati za Kilatini. Sisi hatuna udhuru wa kufanya vivyo hivyo, maana methali tulikuwa nayo.